Je, wajua kwa nini ganda la risasi haliwezi harufu ya zizi?

Mjomba wangu hapa Tabora ana ganda la risasi la zamani analotilia ugoro. Kwa miaka mingi lilining'inia kwenye nguzo ya banda la mbuzi. Siku moja nikalisugua kwa majivu na ndimu, likang'aa, na ndipo nikaona ufa mwembamba kama unywele ukishuka kutoka mdomoni.

"Ni jua hilo, mjomba," nikamwambia. "Jua na uzee."

Nilikosea, ila sikuwa peke yangu. Karne ya 19, jeshi la Waingereza kule India liliona maganda ya risasi yakipasuka yenyewe ghalani, hayajafyatuliwa hata mara moja. Kwa kuwa yalipasuka wakati wa mvua, lawama ikaangukia mvua, na tatizo likaitwa mpasuko wa msimu. Jina limebaki hadi leo. Ila risasi zile zilikuwa zikihifadhiwa kwenye mazizi ya farasi, na mkojo wa farasi hutoa amonia, ile hewa inayochoma pua ukiingia banda la kuku lisilofagiliwa. Unyevu wa masika ulikuwa msaidizi tu. Mwaka 1921 watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson ndio walioeleza kisa chote.

Ganda hutengenezwa kwa shaba ya manjano: sehemu 70 shaba nyekundu, 30 zinki. Huanza kama kisahani, kikakandamizwa na kuvutwa hadi kuwa mrija. Kule kuvutwa hakuishi; hubaki ndani ya shaba. Chukua ngozi ya ngoma. Ikiwa imelala chini, ikwaruze kwa msumari, hakuna kitu. Iwambe mpaka ilie, kisha ikwaruze palepale: inachanika. Amonia ndiyo msumari. Ikipata unyevu na hewa huyeyusha shaba (maji hugeuka buluu kabisa, ni kitu cha kutazama), na hupenda kupita kwenye maungio ya chembe za shaba. Ufa ukianza, mvutano unaupanua kama kabari kwenye gogo, na amonia inafuata ndani.

Ndiyo maana Marekani, ambako wawindaji wengi hujaza upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, huonyana kuhusu dawa za kung'arishia shaba zenye amonia. Kufuta mara moja na kusuuza huenda kusilete neno. Hatari iko kwenye muda na mvutano. Lakini ganda hutanuka kila likifyatuliwa, hubanwa tena kabla ya kujazwa, na bado linatakiwa kuzuia mlipuko wa baruti karibu na uso wa mtu. Sioni sababu ya kubahatisha.

Wao husafisha kwa magunzi ya mahindi. Kweli kabisa: magunzi yaleyale tunayochomea moto hapa, yakisagwa na kuzungushwa pamoja na maganda kwenye pipa la mota kwa saa kadhaa. Wengine hutumia maji ya sabuni yenye asidi kidogo ya ndimu; maji hayo pia hutuliza vumbi la madini ya risasi (lead) linaloachwa na fataki, kile kidude kinachowasha baruti.

Sasa nashuku mbuzi walikuwa na mshirika. Ugoro wa mjomba una magadi, na tumbaku yenye magadi nayo hutoa amonia. Nimemweleza. Ganda amelihamishia jikoni, ugoro umo humohumo.