Fiziotherapia karibu na watu: maswali na majibu kuhusu kuendesha huduma ya misuli na viungo

Majibu haya ni kwa wataalamu wa fiziotherapia, waganga na wauguzi wanaoanzisha huduma ndogo nje ya hospitali kubwa, kwa ajili ya shida zinazojaza foleni kila siku: mgongo, goti, bega, shingo na kifundo cha mguu.

Tuanze na vifaa gani?

Vichache. Nafasi ya kutembea mita 3 na kugeuka bila kugonga kitu, kitanda imara cha uchunguzi chenye pazia, viti viwili visivyo na mikono vyenye kimo cha sentimita 43 hivi, kipandio cha sentimita 15 hadi 20, mikeka, mikanda ya mpira ya ugumu tofauti, vizito vya kilo 1 hadi 5, saa ya kuhesabu sekunde, kipimapembe cha kupimia mkunjo wa viungo na mashine ya presha. Mikanda ya mpira hukatika ghafla ikichakaa, kwa hiyo ikaguliwe nyufa kila wiki, isianikwe juani, na kila mtu aulizwe kama mpira humletea mzio.

Mashine za umeme zisubiri. Zikitangulia, hugeuka kuwa ndiyo matibabu: mtu analala, anafungwa nyaya dakika 20, anaondoka na paja dhaifu lile lile alilokuja nalo.

Nani asianzishiwe mazoezi hata kama anasema ni maumivu tu?

Hapa ndipo huduma ya jamii inapookoa au kuangamiza, kwa sababu mara nyingi hakuna daktari aliyemwona mtu huyo kabla yenu. Anayeumwa mgongo aulizwe bila haya: je, sehemu za siri na eneo linalogusa kiti vina ganzi? Mkojo umegoma kutoka au unatoka bila habari? Haja kubwa inaponyoka? Miguu yote miwili imelegea? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo ni rufaa ya dharura siku hiyo hiyo, maana neva za chini ya uti wa mgongo zinaweza kuwa zimebanwa, na zikichelewa kufunguliwa, ulemavu hubaki. Msiulize kwa mafumbo. Ukisema “huko chini kukoje,” utajibiwa “salama.”

Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye joto na kisichogusika, hasa pakiwa na homa, kichukuliwe kuwa kina usaha mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usaha hula gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ndani ya siku chache, kwa hiyo msikikande wala kukinyoosha. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma, hasa baada ya upasuaji au kulala muda mrefu, huenda kuna damu iliyoganda, na kukichua ni hatari. Wengine wa kupeleka kwa daktari kabla ya mazoezi ni waliowahi kuugua saratani, wanaokonda bila sababu, wenye homa au jasho la usiku pamoja na maumivu ya mgongo, na wazee walioanguka, hata kama walianguka kidogo tu.

Presha ikisoma 180/110 au zaidi mtu akiwa ametulia, mazoezi yaahirishwe na apelekwe kwa daktari. Akiwa pia na maumivu ya kifua, kichwa kikali au kutoona vizuri, hiyo ni dharura.

Aliyeteguka kifundo cha mguu anahitaji eksirei?

Si kila mmoja. Apelekwe kama hawezi kupiga hatua nne, au ukibonyeza ukingo wa nyuma wa nundu ya kifundo, sentimita 6 za chini, mfupa wenyewe unauma. Bonyeza pia shina la mfupa wa nje wa unyayo, upande wa kidole kidogo, na mfupa ulio juu ya upinde wa ndani. Asiye na dalili hizo aanze kukanyagia mguu mapema kadiri anavyostahimili.

Tupime nini siku ya kwanza?

Tengeni dakika 45, na ziara zinazofuata dakika 20 hadi 30. Baada ya mchujo, yaani yale maswali ya hatari yaliyotajwa juu, mwambieni ataje shughuli tatu zilizomshinda, kwa maneno yake: kuchuchumaa, kubeba ndoo, kupanda ngazi. Kila moja aipe alama kutoka 0, yaani haiwezekani kabisa, hadi 10, yaani kama zamani. Wastani ukipanda alama 2 baadaye, kuna nafuu ya kweli.

Kisha ahesabiwe anainuka mara ngapi kitini kwa sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Kwa mzee, mpime pia kuinuka, kutembea mita 3, kugeuka na kurudi kuketi. Sekunde 12 au zaidi zinaonyesha yuko katika hatari ya kuanguka. Kiti kiwe kile kile kila mara na kiegemezwe ukutani. Namba iliyochukuliwa kwenye kiti kirefu hailingani na ya kiti kifupi, na kosa hili huharibu rekodi nyingi.

Goti lenye gegedu lililochakaa, mazoezi ni kiasi gani?

Zaidi ya wengi wanavyothubutu kutoa. Kuinua mguu mara 10 ukiwa umelala ni mwanzo, lakini programu nyingi huishia hapo, kisha husemwa mazoezi hayasaidii. Lengo ni kuinuka kitini, kupanda kipandio na kusukuma mkanda, raundi 3 za marudio 8 hadi 12, siku 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana, uzito ukiwa wa kufanya marudio mawili ya mwisho yawe magumu. Akimaliza 12 bila taabu mara mbili mfululizo, ongezeni: punguzeni kimo cha kiti, au ashike kizito.

Mwelezeni mapema kwamba itachukua wiki 6 hadi 12. Asiyeambiwa hivyo huacha wiki ya tatu, na haki yake.

Mkongojo ushikwe upande usiouma, kimo chake kiishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukining’inia, viatu vikiwa miguuni.

Akisema anaumia akifanya mazoezi, aache?

Si lazima. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yasiyozidi 4 au 5 yanavumilika, mradi kesho yake asubuhi yamerudi yalipokuwa. Yakizidi hapo, punguzeni marudio au uzito. Msifute zoezi zima. Kwa mgongo wa kawaida pia, kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha na kuchelewesha nafuu.

Bega lililoganda?

Bega hili, linalouma na kukakamaa, linaweza kuchukua mwaka 1 hadi 3 kupona. Katika kipindi cha maumivu makali msilivute kwa nguvu, litachokozeka zaidi. Kisukari huandamana nalo mara nyingi, kwa hiyo asiyejua hali yake apimwe sukari.

Tuwatibu mmoja mmoja au kwa kundi?

Tathmini iwe ya mmoja mmoja, faragha. Baada ya hapo, magoti na migongo huenda vizuri kwenye kundi la watu 8 hadi 12, mmoja akiongoza na mwingine akizunguka kusahihisha. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuongoza mazoezi yaliyokwisha kuandikwa. Asichunguze ugonjwa, wala asibadilishe mpango bila kumwita mtaalamu.

Kwa nini hawafanyi nyumbani?

Mara nyingi kwa sababu tumewapa mazoezi tisa. Toeni mawili au matatu, yafungeni kwenye jambo analolifanya kila siku, kama kuinuka kitini mara 10 kabla ya kila mlo, na kabla hajaondoka ayaonyeshe mwenyewe bila kusaidiwa. Ziara inayofuata ianze kwa kumwomba ayaonyeshe tena.

Tumruhusu lini?

Siku ya kwanza andikeni tarehe ya kupima upya, wiki ya 6. Alama zikiwa zimepanda na anajiendesha mwenyewe, aage akiwa na karatasi ya mazoezi na ruhusa ya kurudi ndani ya miezi 3 bila kupanga foleni upya. Zikiwa zilezile, kagueni kwanza kama mzigo uliongezwa kweli. Kama uliongezwa na hakuna kilichobadilika, mchunguzeni upya kuanzia maswali ya mchujo, au mpelekeni mbele.