Kusafisha mifereji ya mzizi: kazi inayoamua kama jino litabaki kinywani

Watu wengi wakisikia habari ya kutibu mzizi wa jino, huwaza ile mashine ya kutoboa. Kutoboa ni kufungua mlango tu. Kazi yenyewe ni kuua vijidudu ndani ya mifereji ya mzizi na kuondoa mabaki ya nyama iliyooza, kabla mifereji haijazibwa. Hapo pakifanywa vizuri, jino lililokuwa ling'olewe linaweza kutafuna miaka mingi.

Chini ya enameli, gamba gumu la nje, na dentini, tabaka linalofuata ndani yake, kuna kiini cha jino: nyama laini yenye neva na mishipa ya damu, inayoteremka kwa mifereji myembamba hadi kwenye ncha ya mzizi. Jino likioza mpaka hapo, bakteria huingia, kiini hufa, na usaha hujikusanya kwenye mfupa wa taya. Kiini kikishakufa hakipitishi damu, kwa hiyo antibaotiki ya kumeza haina njia ya kufika ndani. Ndiyo maana mtu humaliza dozi ya amoksilini, uvimbe ukanywea, kisha baada ya muda ukarudi pale pale.

Kwamba mkosaji ni bakteria kulionyeshwa waziwazi Marekani mwaka 1965. Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini, wakayaacha wazi, chakula kikiingia. Kwa panya wa kawaida viini vilioza na majipu yakatokea. Kwa panya waliokuzwa bila kijidudu chochote, viini vilibaki hai na vikaanza kujijengea dentini mpya ya kujikinga.

Basi kwa nini daktari asikwangue tu akamaliza? Kwa sababu mfereji wa jino si bomba lililonyooka. Una mikunjo, matawi na vichochoro vinavyounganisha mfereji mmoja na mwingine. Picha za mikro-CT, yaani eksirei za kina zinazoonyesha ndani ya jino pande zote, zimeonyesha kwamba theluthi moja ya kuta, au hata zaidi, haiguswi kabisa na vifaa vya kukwangulia, hata vile vya nikeli na titani vinavyopinda vizuri. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina mfereji wa nne, mwembamba mno, ambao hukosekana kwa urahisi daktari asipotumia hadubini. Kuta zenyewe zimejaa vijitundu vya upana wa maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) moja au mbili hivi, na bakteria hujipenyeza humo au kujishikiza ukutani kwa utando wenye ute. Mmoja wao, Enterococcus faecalis, huvumilia njaa kwa muda mrefu na hukutwa mara kwa mara kwenye meno yaliyowahi kutibiwa yakashindikana.

Pasipofikiwa na chuma hubaki kutegemea dawa ya maji. Kuu ni sodiamu haipokloraiti, kemikali ile ile iliyomo kwenye jiki, ila madaktari hutumia iliyopimwa, kati ya asilimia 0.5 na 6. Inapendwa kwa sababu inaua bakteria na pia inayeyusha nyama iliyokufa. Lakini nguvu yake huisha kadiri inavyofanya kazi, kwa hiyo lazima ibadilishwe tena na tena. Baadaye huja dawa nyingine ya maji, EDTA ya asilimia 17, inayoondoa unga wa dentini uliogandamana ukutani na kufungua vile vijitundu. Wapo wanaoongeza klorheksidini ya asilimia 2. Hiyo huua bakteria lakini haiyeyushi nyama, na ikikutana na haipokloraiti hutoa mashapo ya kahawia yanayoweza kuziba vijitundu, kwa hiyo mfereji husuuzwa katikati.

Hapa ndipo mbinu za kisasa zinapoingia. Dawa ikimiminwa kwa bomba la sindano, hewa hunasa kwenye ncha ya mzizi na kuizuia isifike mwisho. Kwa hiyo daktari huingiza kijiti chembamba cha chuma kinachotetemeka mara 25,000 hadi 30,000 kwa sekunde, akikishika katikati ya mfereji kisiguse kuta. Dawa iliyokuwa imetulia huanza kuzunguka kwa kasi, na ile iliyokuwa safi hutoka na mawingu ya unga. Mbinu nyingine hufyonza dawa kutoka kwenye ncha, ili ishuke bila kusukumwa. Leza ya Er:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 2,940, humezwa sana na maji. Kwa hiyo mapovu huzaliwa na kupasuka ndani ya dawa na kuisukuma hadi vichochoroni. Ipo pia njia ya kupaka rangi ya methilini bluu kisha kumulika mwanga mwekundu, rangi hiyo ikiamshwa iue bakteria.

Maabara zinaonyesha kuta zinakuwa safi zaidi kwa mbinu hizi. Kwa wagonjwa, ushahidi kwamba meno mengi zaidi hupona haujawa na nguvu kiasi hicho. Kwa maoni yangu, kliniki isiyo na leza lakini inayofunga jino kwa karatasi nyembamba ya mpira inayolitenga na kinywa, ikatumia dawa ya kutosha na kuipa muda, ni bora kuliko yenye leza inayoharakisha. Mpira huo, ulioanzishwa na Sanford Barnum wa New York mwaka 1864, huzuia mate yenye bakteria yasiingie kwenye jino na dawa isiingie kooni. Ukiketi kwenye kiti, una haki ya kuuliza kama jino lako litafungwa mpira huo.

Haipokloraiti ikisukumwa kupita ncha ya mzizi huunguza nyama: maumivu makali ya ghafla, uso kuvimba, ngozi kuvilia damu. Ndiyo sababu sindano inayofaa ina tundu ubavuni, haikwami mferejini, na dawa humiminwa polepole. Na ndiyo sababu hakuna anayepaswa kumwaga jiki kwenye jino bovu nyumbani.

Jino lenye usaha mwingi huweza kuwekewa kalsiamu haidroksaidi, dawa yenye alkali kali (pH ya karibu 12.5), kwa wiki moja hadi nne kabla ya kuzibwa. Likishazibwa, gego huhitaji kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino, mapema lisipasuke, na eksirei ya baada ya mwaka mmoja ndiyo huonyesha kama mfupa umejijenga upya kwenye ncha ya mzizi.