Kuanza mbio za baiskeli baada ya miaka 45: maswali ya watu wa Mwanza

Huku Usukumani baiskeli haihitaji kutambulishwa kwa mtu. Wengi wetu tumekulia juu ya karia, na baadaye tukabebea mpunga, maji, hata wagonjwa. Kwa hiyo mtu wa miaka 50 akiwaona vijana wanapita Kisesa alfajiri, wameinama juu ya usukani, hajiulizi kama anajua kuendesha. Anajiuliza kama mwili utakubali. Mimi kazi yangu ni kutibu viungo na misuli, na Jumamosi naendesha na kundi ambalo wengi wao wana wajukuu. Maswali haya nimeulizwa kliniki, barabarani na kwa fundi baiskeli.

Swali: Nina miaka 53, ni mwalimu. Baiskeli ya kawaida nimeendesha maisha yangu yote, ila mashindano sijawahi. Sijachelewa?

Hujachelewa, mwalimu. Mfaransa Robert Marchand aliirudia baiskeli akiwa anakaribia miaka 70. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, aliendesha kilomita 26.927 ndani ya saa moja. Januari 2017, akiwa na miaka 105, akaendesha kilomita 22.547. Watafiti waliompima alipokuwa na miaka 101, kisha 103, walikuta uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni umepanda kwa takribani asilimia 13. Umri ambao wengi wetu tutakuwa tumeshabaki picha ukutani, yeye alikuwa anaongeza pumzi.

Lakini angalia alivyokuwa akifanya mazoezi. Katika kipindi hicho aliendesha kama kilomita 5,000 kwa mwaka, na sehemu nane kati ya kumi zilikuwa za taratibu. Ni mbili tu alizojikamua kweli. Wanaokuja kwangu huwa wamefanya kinyume: wiki ya kwanza tu wanawafukuza vijana wa miaka 22 hadi Magu, wiki ya tatu wanaingia kliniki wanachechemea.

Sababu ni hii. Moyo na mapafu hujifunza haraka. Baada ya wiki 6 hadi 8 za mazoezi utapanda kilima cha Bugando na kushangaa kwamba huhemi kama zamani. Kano za goti na kisigino hazina haraka hiyo. Damu inayozifikia ni kidogo, zinahitaji miezi kukomaa, na umri ukisogea zinazidi kuchelewa. Kwa hiyo mwezi wa tatu unajikuta una injini ya lori kwenye fremu ya baiskeli. Pumzi inasema twende, goti bado linavaa viatu. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza, nilipoona pumzi imekaa sawa, niliruka kutoka safari tatu kwa wiki hadi sita. Kano ya kisigino ikavimba, nikakaa miezi miwili nawaangalia wenzangu wakipita. Na kazi yangu ndiyo hiyohiyo ya kuwakataza watu wasifanye hivyo.

Swali: Sasa nitajuaje kwamba naenda taratibu inavyotakiwa?

Ongea. Kama unaweza kumsimulia mwenzako habari ya jana mwanzo mpaka mwisho, lakini kuimba huwezi, uko pazuri. Ukianza kujibu "eeh" na "hapana" tu, umeshavuka.

Anayependa hesabu achukue 208, atoe umri wake uliozidishwa kwa 0.7. Mwalimu wetu wa miaka 53 anapata kama 171, ambayo ni makadirio ya mapigo ya juu kabisa ya moyo wake kwa dakika. Safari nyepesi ibaki kati ya asilimia 60 na 75 ya hapo, yaani 103 hadi 128. Huhitaji saa ya bei kubwa: simama, weka vidole viwili kwenye mkono chini ya kidole gumba, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Safari ngumu iwe moja kwa wiki, miezi ya baadaye labda mbili, na siku inayofuata usipande mlima. Kijana anaweza kurudia kesho yake. Wewe upe mwili siku mbili. Misuli haijengwi unapokanyaga pedeli, hujengwa umelala.

Swali: Kijana wangu, nina miaka 61, presha ninayo na dawa nameza kila siku. Wanangu wanasema nitaanguka nife njiani.

Shikamoo mzee. Wanao wana hoja, ila si ya kukuzuia, ni ya kukupeleka hospitali kwanza. Yeyote aliyevuka miaka 45 akitaka kushindana, hata asiyeumwa, apimwe presha, sukari na wingi wa damu. Mwenye presha, kisukari, anayevuta sigara au ambaye baba au kaka yake alipata shida ya moyo mapema, aombe pia kipimo cha umeme wa moyo. Presha ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, baiskeli ibaki ukutani mpaka ishuke.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawaambiwi. Baadhi ya dawa za presha, kama atenolol na propranolol, huzuia mapigo ya moyo yasipande. Mzee anayezitumia akifuata ile hesabu ya 208 atajikamua hadi azimie akitafuta namba ambayo moyo wake haukubali kuifikia. Kwake kipimo ni kuongea tu. Dawa zinazoongeza mkojo nazo hupunguza maji mwilini, na jua la saa sita likiongezeka juu yake kizunguzungu hakiko mbali. Usiache dawa kwa sababu ya mazoezi. Mwambie daktari unachofanya, apange upya kama inafaa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide asitoke bila kitu kitamu mfukoni, kwa kuwa sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baada ya kurudi nyumbani.

Kifua kikibana au kuuma, maumivu yakienda taya au mkono, pumzi ikikata bila mlima, moyo ukipapatika ovyo, au macho yakiingia giza: shuka, kaa chini, tafuta hospitali siku hiyohiyo. Usimalizie kilomita zilizobaki. Nimeshamsikia mtu akisema "zilibaki tano tu".

Swali: Goti linaniuma mbele kila nikifika Igoma. Je, ni umri?

Mara nyingi ni tandiko. Mwalimu mmoja alikuja na malalamiko hayohayo, nikamwambia twende na baiskeli yake kwa fundi. Tandiko lilikuwa chini kiasi kwamba akisimamisha baiskeli, nyayo zote mbili zinagusa ardhi huku amekaa. Ndivyo tunavyofunga baiskeli ya mizigo, na kwa mizigo ni sawa, maana lazima uweze kusimama ghafla na gunia nyuma. Ila kwa mtu anayekanyaga pedeli mara 80 kwa dakika, goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko, na gegedu ya nyuma ya kifuniko cha goti ndiyo inayolipa.

Fundi alishika baiskeli, mwalimu akapanda na ndala zake. Nikamwambia aweke kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu ulikuwa umekunjika kama wa mtu aliyekaa kwenye kigoda. Fundi akalegeza nati, akavuta bomba la tandiko juu kama upana wa vidole vitatu, akakaza. Safari hii kisigino kikiwa kwenye pedeli, mguu ulinyooka, nyonga haikuyumba. Akiweka sehemu ya mbele ya unyayo, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Mwalimu akalalamika kwamba yuko juu mno, ataanguka. Tulimwacha azunguke chini ya mti dakika kumi, akazoea.

Kosa la pili ni giya nzito. Wanaume hasa wanaona aibu kukanyaga giya nyepesi, wanadhani ni ya watoto. Lenga mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika, miguu iende kama cherehani. Goti likiuma mbele, pandisha tandiko kidogo; likiuma nyuma, huenda umelipandisha kupita kiasi. Badilisha nusu sentimita kwa wakati, usirukie.

Swali: Mimi ni mama wa miaka 47. Nikirudi napata ganzi sehemu za siri na vidole vidogo vya mikono. Na watu wanasema baiskeli si ya wanawake wa umri huu.

Tuanze na hao watu. Mmarekani Kristin Armstrong alichukua dhahabu ya Olimpiki ya baiskeli Rio mwaka 2016, siku moja kabla ya kutimiza miaka 43, ikiwa ni mara yake ya tatu mfululizo. Tumalizane nao hapo.

Ganzi, mama, usiizoee. Ni mishipa ya fahamu na ya damu inayobanwa. Tandiko liwe sawa na ardhi, pua yake isiangalie juu, upana wake ubebe mifupa miwili unayoihisi ukikaa kwenye benchi la mbao. Tandiko pana na laini kama mto halisaidii, unazama na kubanwa zaidi. Bukta yenye sifongo inavaliwa bila nguo ya ndani (wengi hawaambiwi, wanachubuka). Ukitaka, funga kanga juu yake mpaka mtoke mjini. Kila dakika kumi nyanyuka kwenye tandiko kidogo. Vidole vidogo vinaganda kwa sababu umeegemea mno mikono: badilisha mahali pa kushika, viwiko visinyooke. Wanaume nao wasione haya kusema, ganzi hiyo wanaipata sana.

Ila kuna jambo linalonisumbua zaidi kwa umri wako. Hedhi ikikaribia kukoma mifupa huanza kupungua uimara, na baiskeli, pamoja na uzuri wake wote, haiijengi mifupa, kwa kuwa uzito wako unabebwa na tandiko. Mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya kunyanyua: ndoo ya maji, kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi. Na dagaa wetu wale wanaoliwa mzima na mifupa yake ni chanzo kizuri cha madini ya chokaa. Kofia ngumu ni ya lazima, maana mfupa wa miaka 47 hauungi kama wa miaka 17.

Swali: Nile nini, ninywe nini?

Usitafute poda za dukani. Safari isiyozidi saa moja, maji yanatosha. Ikizidi saa moja na nusu, mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na ndizi mbivu moja ina kama 25. Viazi vitamu vya kuchemsha mfukoni vinafanya kazi hiyohiyo. Maji nusu lita hadi robo tatu kwa saa, kwa mafundo, siyo kuyagugumia yote Kisesa. Jua likiwa kali, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukirudi, kula ugali kwa sato, maharage au mtindi ndani ya saa moja au mbili. Misuli ya mtu mzima inahitaji protini nyingi kidogo kuliko ya kijana ili ijijenge.

Kanda ya Ziwa watu wengi wamerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, hawaumwi, na hawajui kwamba wanayo. Hao wanaweza kushindana, lakini wasijikamue ghafla, na maji wasiyacheleweshe. Na ukiwa na homa, usiitoe kwa jasho. Kapime malaria.

Swali: Tukirudi tunashuka ziwani kuoga. Kuna ubaya?

Upo. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa kandokando ya ziwa, hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na huwa wengi zaidi jua likiwa kali, saa zilezile mnazorudi. Dawa ya praziquantel inatibu, lakini haikukingi na maambukizi ya Jumamosi ijayo. Ogeni nyumbani, kwa maji ya bomba au yaliyokaa kwenye pipa siku mbili.

Swali: Lini nijiandikishe mashindano?

Ukishaendesha miezi sita bila maumivu yanayozidi siku mbili, na umbali wa shindano umeshaumaliza angalau mara mbili kwa mwendo wa kuongea. Kabla ya hapo jifunze kufuata tairi la mwenzako ndani ya kundi: anayekaa nyuma anapunguziwa kazi kwa robo au zaidi, lakini tairi la mbele likigusa la mwenzako, unayelala chini ni wewe. Zoezeni mkiwa wanne, alfajiri, kabla daladala hazijaamka. Shindano la kwanza kaa nyuma ya kundi. Na breki zipitiwe na fundi siku mbili kabla, siyo asubuhi ya shindano, kwa sababu asubuhi hiyo fundi naye atakuwa amepanda yake.