Maswali na majibu: Watafiti wa ulaji wanapima nini, na tuwaamini kiasi gani?

Maabara ya saikolojia inachunguzaje ulaji wa mtu?

Kwa mizani. Mshiriki anaitwa kuonja aiskrimu za ladha mbalimbali, anajaza fomu kuhusu utamu wake, na anaambiwa ale kadiri apendavyo. Bakuli lilipimwa kabla hajaingia, na akitoka linapimwa tena. Fomu ile ni kisingizio tu. Kinachotafutwa ni gramu zilizopungua. Mtu akijua anahesabiwa matonge hula kwa adabu, ndiyo maana ukweli huelezwa mwishoni.

Kwa nini anayejinyima huishia kula zaidi?

Mwaka 1975, Peter Herman na Deborah Mack waliwapa wanawake milksheki, kisha wakawaachia aiskrimu. Wasio na mazoea ya kujibana walipunguza kula baada ya milksheki, kama tunavyotarajia. Waliozoea kujibana walikula zaidi! Maelezo yanayotolewa ni kwamba, mpango wa siku ukishavurugika, mtu huona hakuna tena cha kulinda. Kwa maoni yangu, anayewashauri watu kupunguza uzito asianze na marufuku kali.

Wingi wa chakula sahanini una athari?

Ndiyo. Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, mwaka 2002 waliwapakulia watu makaroni na jibini, kuanzia gramu 500 hadi 1,000. Kwa sahani kubwa kuliko zote walikula takriban asilimia 30 zaidi kuliko kwa ile ndogo, na bado shibe waliyoieleza ilifanana. Zaidi ya nusu hawakugundua kwamba vipimo vilitofautiana. Basi pakua kidogo, uongeze ukihitaji.

Nikisikia matokeo yametangazwa kwenye mkutano wa wanasaikolojia, niyaamini?

Yasikilize, lakini usibadilishe mlo kwa ajili yake, hasa kama una kisukari. Mkutanoni mara nyingi maabara huleta bango lenye muhtasari wa utafiti au mada ya dakika chache, kazi ikiwa bado mbichi. Uliza: washiriki walikuwa wangapi? Ni wanafunzi wa chuo kimoja tu? Kuna wengine waliorudia wakapata yaleyale? Maswali haya ni ya lazima. Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell alisifika sana kwa tafiti za ulaji, lakini mwaka 2018 majarida ya JAMA, ya Chama cha Madaktari cha Marekani, yalifuta makala zake sita kwa mkupuo, na chuo kikatangaza kuwa alikiuka maadili ya utafiti.

Mimi hujinyima, kisha nakula nashindwa kujizuia. Ni uroho?

Hapana, usijilaumu. Ikikutokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, ukila kingi kwa muda mfupi na kujisikia vibaya baadaye, huenda ni ugonjwa unaotambulika kitabibu, na una tiba. Mweleze daktari waziwazi, na umwombe akuunganishe na mwanasaikolojia pamoja na mtaalamu wa lishe.