Machozi Bandia: Bei Kubwa Si Kipimo cha Ubora

Mwenye macho makavu hutumia matone ya kulainisha, yaani machozi bandia, kwa miezi, pengine kwa miaka, na fedha nyingi humpotea si kwa sababu ya ugonjwa bali kwa sababu ya dhana alizozizoea.

Inayotia hasara kubwa ni ile isemayo kwamba chupa ya bei ghali ndiyo inayofanya kazi. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 43 ya matone yauzwayo bila cheti cha daktari, yalionyesha kwamba mengi yanaelekea kukaribiana kwa ufanisi. Kwa hiyo kwenye boksi lisomwe kwanza jina la kiambato na kiwango chake, kwa mfano haipromelosi asilimia 0.3 au kaboksimethilselulosi asilimia 0.5, kisha mfamasia aulizwe kama ana chupa nyingine ya kiambato hicho hicho kwa bei nafuu. Hilo ni swali la kawaida dukani, wala halimshushii mtu hadhi.

Wengine huamini kwamba matone mawili au matatu kwa mpigo hulainisha zaidi. Tone moja huwa na mikrolita 30 hadi 50 hivi (mikrolita elfu moja ni mililita moja), ilhali jicho hushika takriban mikrolita 30 tu, hivyo la pili huishia shavuni. Mililita moja hutoa karibu matone 20, kwa hiyo chupa ya mililita 10 ina matone kama 200: anayetia tone moja kila jicho mara nne kwa siku atafika siku ya 25, lakini anayetia mawili mawili atarudi dukani kabla wiki mbili hazijaisha.

Kubana matumizi nako kuna mpaka. Tarehe iliyopigwa kwenye boksi ni ya chupa ambayo haijafunguliwa. Ikishafunguliwa, chupa nyingi zinapaswa kutupwa baada ya siku 28, na ni vyema kuandika siku ya kuifungua kwa kalamu kwenye lebo. Bakteria kwenye matone si jambo dogo: mwaka 2023 nchini Marekani, machozi bandia yaliyokuwa na bakteria yalihusishwa na maambukizi ya watu 81, ambao 14 kati yao walipoteza uwezo wa kuona na 4 walifariki. Maji ya chumvi yaliyochanganywa jikoni nayo si mbadala, kwa maana hayana usafi unaohitajika.

Matone yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia vijidudu ndani ya chupa, ambayo kwa kawaida huwa ghali zaidi, humfaa hasa anayetia zaidi ya mara nne kwa siku au ambaye kihifadhi humwasha. Wengine wengi hawana haja ya kuyalipia.

Hatari zaidi ni kudhani kwamba dawa yoyote ya macho ya bei rahisi inaweza kushika nafasi ya machozi bandia. Zenye steroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe, hutuliza wekundu upesi, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho, nayo presha hiyo huharibu neva ya jicho pasipo maumivu. Mwenye macho mekundu yanayouma, au anayeona ukungu, apimwe kwanza kabla ya kununua chupa yoyote.