“Get”: usikimbilie “kupata”

Mwanafunzi akishaambiwa kwamba “get” ni kupata, hulibeba jibu hilo kila mahali. Kisha anakutana na “I got home at six”, na hapo hakuna kilichopatikana: mtu amefika nyumbani saa kumi na mbili. Kwa kitenzi hiki nasisitiza jambo moja: angalia kinachokifuata.

Kikifuatwa na nomino, kupata hutosha mara nyingi, ingawa “get me some water” ni “niletee maji”. Kikifuatwa na kivumishi, hali inabadilika, na Kiswahili kwa kawaida kina kitenzi chake tayari: “get wet” ni kulowa, “get old” kuzeeka, “get angry” kukasirika. “I'm tired” ni nimechoka. “I'm getting tired”, naanza kuchoka.

Kwenye mahali, weka “to”: “get to the station”. Lakini “home”, “here” na “there” hazitaki “to” kabisa. Kuoana na mtu nako hutuponza, maana ile “na” yetu hutuvuta kwenye “with”. Sahihi ni “get married to”.

Panapohitaji utulivu zaidi ni hapa: “I got my phone repaired.” Fundi ndiye aliyefanya kazi, sisi tungesema “nilitengenezewa simu”, mnyambuliko mmoja ukamaliza yote. Kiingereza hakina mnyambuliko huo, kwa hiyo kinategemea mpangilio: “get”, kisha kitu, kisha “repaired”. Ukisema “I got repaired my phone”, sentensi imevunjika. Ukiondoa “got” ukasema “I repaired my phone”, umejipa ufundi: umeitengeneza mwenyewe. Ukitaka kumtaja fundi, “to” inarudi: “I got him to repair it”, yaani nilimwomba au nilimshawishi mpaka akaitengeneza. Kwa “make”, “to” hiyo haipo, na maana inakuwa kali zaidi: “I made him repair it”, nilimlazimisha.

Kuhusu “gotten”, umbo la “get” linalofuata “have”, si kosa. Ndivyo wanavyosema Marekani, wakati Uingereza hubaki na “got”. Ila hata Mmarekani hazichanganyi. Kwake “I've got a car” ni nina gari, “I've gotten a car” ni nimepata gari. Vivyo hivyo, “I've got to go” ni lazima niende, na “I've gotten to go” ni nimepata nafasi ya kwenda.