Jibini Ikiyeyuka Haimaanishi Nyama Imepata Moto

Anayepika sandwichi ya nyama na jibini nyumbani huwa anangojea dalili moja tu: jibini ianze kuchuruzika pembeni mwa mkate. Ikichuruzika, anaepua na kula. Kwa utamu, hajakosea. Kwa usalama wa nyama iliyomo ndani, dalili hiyo haitoshi.

Mafuta ya jibini huanza kulainika kwenye nyuzi joto 32 hivi za Selsiasi, chini ya joto la mwili wa binadamu. Nyama iliyopikwa jana na kulala kwenye friji inatakiwa ipashwe hadi nyuzi 74, tena katikati yake. Mkate nao ni mdanganyifu. Uso wake unaogusa chuma hupata rangi ya kahawia haraka, lakini ndani umejaa hewa, na hewa hupitisha joto polepole mno. Matokeo yake nje kumeiva, ndani vuguvugu, na bakteria hustawi kwenye vuguvugu: kati ya nyuzi 5 na 60.

Kwa hiyo pasha nyama peke yake kwanza. Ikate nyembamba, itandaze kikaangoni, igeuzegeuze mpaka itoe mvuke na majimaji yakauke. Hayo majimaji ndiyo yanayolowesha mkate, ingawa watu hulaumu siagi. Nyama mbichi isiingie kwenye mkate kabisa. Ya kusaga iive hadi nyuzi 71, ya kuku 74. Kipimajoto cha chakula ni kifaa kidogo, lakini kinamaliza ubishi wote wa “naona imeiva”.

Panga nyama ingali ya moto, jibini juu na chini yake. Hapo jibini itayeyuka kutokea ndani na kushika slesi zote mbili, na kikaango kitabaki na kazi ya kukausha mkate tu. Paka siagi upande wa nje wa mkate, moto uwe mdogo, funika kwa dakika moja au mbili, kisha funua ili mvuke utoke. Mkate uishie kwenye rangi ya dhahabu. Uliokolea weusi huwa na akrilamaidi nyingi zaidi, kemikali isiyotakiwa mwilini.

Kuhusu aina, mozzarella, gouda na cheddar changa huyeyuka vizuri. Jibini iliyokomaa na kukauka hutoa mafuta ikabaki chembechembe, na halloumi haiyeyuki hata uichochee moto wa namna gani.

Nyama baridi za kiwandani, kama hem na salami, zina hatari yake. Bakteria aina ya Listeria huweza kuongezeka hata ndani ya friji. Wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasizile bila kuzipasha mpaka zitoe mvuke. Zina chumvi nyingi pia, na jibini ina yake, na mkate una yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, basi usiongeze hata chembe.

Kikibaki kipande, kiingie friji kabla ya muda wa saa mbili kupita. Siku ya kukipasha, kifungue: nyama kivyake, mkate kivyake.